Chanjo ya rota na bei ya mwaka mmoja wa uhai: namna ya kufanya hesabu hatua kwa hatua

Mfadhili anapoanza kupunguza mkono, Wizara ya Fedha hutakiwa kujaza pengo, na hapo ndipo swali huulizwa: chanjo hii inastahili fedha hizi, au ziende kwenye ORS (chumvi maalumu za kuchanganya na maji kwa mtoto anayehara), wakunga na visima? Swali ni la haki na lina jibu. Ila jibu hilo hupatikana kwa hesabu iliyofanywa kwa mpangilio, na sehemu kubwa ya hesabu hizo huharibika mapema, kwenye karatasi ya gharama na kwenye takwimu za vifo.

Tunatumia chanjo ya virusi vya rota, ile ya matone inayokinga kuhara kukali kwa watoto. Tanzania iliiingiza kwenye ratiba Januari 2013, Kenya Julai 2014. Wilaya tunayoihesabia ni ya mazoezi: watoto 10,000 wanaozaliwa kwa mwaka, na namba zake zimewekwa ili uone hesabu inavyokwenda. Zibadilishe zote kwa namba za kwako. Utahitaji Excel, leja ya chanjo ya mwaka mzima, taarifa za mwezi za vituo, bajeti ya halmashauri, na mratibu wa chanjo wa wilaya aliye tayari kuulizwa maswali mengi.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Sentensi iseme chanjo ipi, kwa nani, inalinganishwa na nini, na kwa muda gani. Mfano: "Dozi mbili za chanjo ya rota kwa watoto wote wanaozaliwa wilayani mwaka mmoja, wakifuatiliwa hadi miaka mitano, zikilinganishwa na kutokuwa na chanjo hiyo huku ORS, zinki na matibabu vikiendelea kama vilivyo."

Maneno ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Ukilinganisha chanjo na hali ambayo mtoto hapati chochote, utaipa sifa ya uhai ambao ORS ingeuokoa. Na ukipima kwa kuchukua vifo vya kuhara vya 2010 na kutoa vya mwaka huu, utakuwa umeipa chanjo pia kazi iliyofanywa na maji safi, vyoo na lishe.

Hatua ya 2: Amua unahesabu mfuko wa nani

Tengeneza safu mbili tangu mwanzo. Safu A ni gharama yote bila kujali nani analipa, pamoja na fedha za wafadhili. Safu B ni kinachotoka serikalini peke yake. Ukiwa na muda ongeza ya tatu kwa ajili ya familia: nauli ya bodaboda, siku ambazo mama hakwenda shamba wala gengeni, dawa zilizonunuliwa duka la dawa.

Usiziunganishe safu hizi hata siku moja. Utaona baadaye kwamba mpango uleule unatoa majibu yanayopishana karibu mara tatu kwa sababu ya safu tu, na ripoti nyingi hutaja jibu moja bila kusema limetoka safu gani.

Hatua ya 3: Hesabu dozi za kununua

Wilayani kwetu asilimia 92 ya watoto wanapata dozi ya kwanza wiki ya 6, na asilimia 88 dozi ya pili wiki ya 10. Dozi zinazotolewa: 9,200 + 8,800 = 18,000.

Sasa upotevu. Chanjo yetu inakuja kwenye tyubu ya dozi moja, hivyo upotevu ni mdogo. Tuseme asilimia 4. Dozi za kununua ni 18,000 ÷ (1 − 0.04) = 18,750.

Gawanya; usizidishe kwa 1.04. Kwa upotevu mdogo tofauti haionekani, ila jaribu kwa asilimia 40. Ukizidisha kwa 1.4 unapata 25,200. Ukigawanya kwa 0.6 unapata 30,000. Hapo umepungukiwa dozi 4,800, na zahanati za mbali ndizo zitakazokosa kwanza.

Asilimia 40 siyo namba ya kutisha watu. Kichupa cha surua-rubella cha dozi 10 kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au kliniki inapofungwa, chochote kitakachotangulia. Zahanati ikipata watoto wanne siku hiyo, dozi sita zinamwagwa. Muuguzi anayefungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja amefanya sawa kabisa. Hesabu yako ndiyo inayotakiwa kumfuata. Pata kiwango halisi kwenye leja: dozi zilizotoka stoo, toa zilizobaki, linganisha na watoto waliochanjwa. Ukikuta kituo chenye upotevu sifuri miezi kumi na miwili mfululizo, ujue leja ilijazwa kwa siku moja.

Bei: tuweke dola 2 kwa dozi. 18,750 × 2 = dola 37,500. Ongeza usafirishaji wa kimataifa, bima na kutoa mzigo bandarini au uwanja wa ndege, tuseme asilimia 6, yaani dola 2,250. Jumla dola 39,750. Akiba ya tahadhari hununuliwa mara moja chanjo inapoanza, halafu inazungushwa. Ukiiweka kila mwaka umeongeza gharama isiyokuwepo.

Hatua ya 4: Gharama ya kuifikisha mdomoni mwa mtoto

Hapa ndipo penye kazi. Usichukue bajeti ya pentavalenti, ile chanjo ya sindano ya magonjwa matano, na kubadilisha jina juu. Rota ni ya matone: haihitaji bomba wala sindano, na mzigo wake kwenye kisanduku cha usalama ni sifuri. Bajeti zenye mabomba ya rota zipo, na kila bomba humo ni fedha iliyonyimwa kitu kingine.

Upande wa pili, rota inakula nafasi kwenye jokofu. Tyubu ya dozi moja na kifungashio chake huchukua zaidi ya sentimita za ujazo 10, wakati pentavalenti ya kichupa cha dozi 10 haifiki 5 kwa dozi. Kwa hiyo gharama ya mnyororo baridi igawe kwa ujazo, siyo kwa idadi ya dozi. Pima: zidisha dozi kwa ujazo wa kila chanjo, jumlisha, tafuta rota ni asilimia ngapi ya jokofu.

Jokofu lenyewe linadumu miaka mingi, basi usiweke bei yake yote mwaka mmoja. Jokofu la sola la dola 6,000 pamoja na kufungwa, likidumu miaka 10, kwa riba ya asilimia 3 hugawanywa kwa 8.53 (kwenye Excel ni =PV(3%,10,-1)): dola 703 kwa mwaka. Kisha chukua fungu la rota tu. Jokofu likiwa na nafasi tupu, mhasibu atakwambia gharama ni sifuri. Kwa mfuko wa mwaka huu yuko sahihi. Ila nafasi ile ingeweza kubeba chanjo nyingine, kwa hiyo kwenye Safu A iandike.

Vivyo hivyo mishahara. Muuguzi analipwa iwe kuna rota au hakuna, lakini dakika zake hazirudi. Kaa kliniki siku tatu na saa mkononi: kufungua tyubu, kumlaza mtoto, kusubiri ameze, kuandika kwenye kadi na rejesta. Ukipata dakika 3 kwa dozi, basi 18,000 × 3 ni saa 900 kwa mwaka.

Karatasi ya wilaya yetu inasomeka hivi, kwa dola:

Muda wa wahudumu, saa 900 kwa 3.50: 3,150
Huduma za mkoba (mafuta, posho, pikipiki): 6,200
Kusafirisha chanjo toka mkoani hadi vituoni: 2,900
Fungu la mnyororo baridi (majokofu, umeme, gesi, matengenezo): 3,250
Usimamizi shirikishi na vikao: 1,600
Kadi, rejesta, mabango: 900
Jumla: 18,000

Ni dola 1 kwa dozi. Angalia mstari wa mkoba, yaani wahudumu kuwafuata watoto vijijini. Ndio mkubwa kuliko yote, na ndio unaokosewa zaidi, kwa sababu safari moja ya mkoba inabeba chanjo zote pamoja na kupima uzito na matone ya vitamini A. Andika tu fungu la rota. Ukiweka safari nzima kwenye rota leo, na mwenzako akaiweka yote kwenye surua kesho, pikipiki ile itakuwa imelipwa mara mbili.

Mwisho, gharama za kuanzisha: mafunzo, kuchapa upya kadi, uhamasishaji. Tuseme dola 8,000, zigawanywe miaka 5 kwa asilimia 3: 8,000 ÷ 4.58 = dola 1,747.

Safu A yote: 39,750 + 18,000 + 1,747 = dola 59,497.

Tahadhari kuhusu fedha: andika mwaka wa bei. Gharama za ndani za miaka iliyopita zipandishe kwanza kwa mfumuko wa bei wa shilingi, ndipo uzigeuze kuwa dola kwa kiwango cha mwaka wako. Ukigeuza kwanza halafu ukapandisha kwa mfumuko wa Marekani, mishahara na mafuta vitatoka na namba zisizofanana na chochote kinacholipwa wilayani.

Hatua ya 5: Ugonjwa ungekuwa kiasi gani bila chanjo

Kwa watoto wetu 10,000 hadi wafike miaka mitano, tunakadiria vifo 12 vya rota, kulazwa 180, na kufika zahanati bila kulazwa 1,500.

Usitafute namba hizi kwenye rejesta za mwaka huu. Chanjo imeshafanya kazi tangu 2013 Tanzania na 2014 Kenya. Wagonjwa usiowaona ndio uliowakinga. Rudi kwenye takwimu za kabla ya chanjo, kisha zishushe kulingana na kushuka kwa vifo vya kuhara kusikotokana na rota. Na siyo kila kuhara ni rota. Unahitaji fungu la kuhara lililothibitishwa maabara kwa kupima kinyesi, na fungu hilo ni kubwa zaidi kwa waliolazwa kuliko kwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Ukitumia fungu moja kwa wote utakosea pande zote mbili.

Vifo vya hospitali peke yake havitoshi. Mtoto anayekauka maji usiku kijijini, kilomita 20 toka zahanati, hafi wodini. Tumia makadirio ya kitaifa ya vifo vya chini ya miaka mitano na sababu zake, ushushe hadi wilayani kwa idadi ya watoto, na uandike wazi kwamba ni makadirio.

Idadi ya watoto nayo ichunguze. Kiwango cha chanjo kikisoma asilimia 112, hakuna aliyechanja watoto wasiozaliwa: kigawanyo ni cha zamani, au watoto wa wilaya jirani wanakuja kliniki yako. Tanzania ilihesabu watu 2022, Kenya 2019. Kigawanyo kinachotokana na makadirio ya sensa ya nyuma kiondoe. Njia rahisi ya kuhakiki: linganisha dozi za rota ya kwanza na za pentavalenti ya kwanza kwenye kituo hichohicho. Zinatolewa siku moja, kwa mtoto mmoja. Zikipishana sana, kuna stoo iliyoishiwa au mtu aliyekosea kujaza.

Hatua ya 6: Kinga halisi, ya huku kwetu

Majaribio ya chanjo ya dozi mbili yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kinga dhidi ya kuhara kukali kwa rota mwaka wa kwanza wa maisha ikiwa karibu asilimia 77 Afrika Kusini na 49 Malawi. Chanjo ileile. Kwenye nchi tajiri inapita 85. Anayenakili namba ya Ulaya kwenye hesabu ya Mtwara au Turkana anaahidi uhai ambao chanjo haitautoa, na siku ya tathmini ya pili atalaumiwa mhudumu.

Tunaweka asilimia 55 kwa vifo na kulazwa, na 40 kwa wagonjwa wa nje. Kinga hushuka mwaka wa pili. Ukiwa na takwimu za umri, igawe kwa miezi. Watoto waliopata dozi moja tu hatuwapi kinga yoyote, ili tukikosea tukosee upande wa tahadhari.

Kisha kuna jambo linalouma, na lazima liingie kwenye hesabu: watoto wasiofikiwa na chanjo ndio haohao walio kwenye hatari kubwa ya kufa. Kiwango cha asilimia 88 hakikingi asilimia 88 ya vifo. Tunakizidisha kwa 0.9: 0.88 × 0.9 = 0.792.

Vifo vinavyozuiwa: 12 × 0.55 × 0.792 = 5.23
Kulazwa: 180 × 0.55 × 0.792 = 78.4
Wagonjwa wa nje: 1,500 × 0.40 × 0.792 = 475

Madhara nayo yana mstari wake. Kwa rota, linalofuatiliwa ni utumbo kujiingiza ndani yake na kuziba. Utafiti uliochapishwa 2018 kwenye nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, haukuona ongezeko la tatizo hilo baada ya chanjo ya dozi mbili. Mstari utakuwa sifuri, lakini uwepo, ili msomaji ajue uliangalia.

Rota inaruhusu hesabu rahisi ya kundi moja la watoto kwa sababu mzigo mkubwa uko kwa wachanga. Kwa surua usithubutu. Mgonjwa mmoja wa surua kati ya watu wasio na kinga huambukiza 12 hadi 18, na maambukizi hukatika pale kinga inapofika karibu asilimia 92 hadi 94 ya watu wote. Faida haiongezeki kwa mstari ulionyooka. Rubella ni hatari zaidi: kiwango cha chini cha chanjo kinaweza kusogeza umri wa kuambukizwa hadi umri wa kuzaa, na watoto wanaozaliwa na ulemavu wakaongezeka. Kwa magonjwa hayo, na kwa HPV (virusi vya saratani ya shingo ya kizazi), tafuta mtu wa modeli za maambukizi.

Hatua ya 7: Geuza kuwa miaka

Kipimo ni DALY: mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliopotea, kwa kifo au kwa kuugua. Mtoto anayekufa karibu na mwaka mmoja, akiwa na miaka 65 mbele yake, kwa punguzo la asilimia 3 (kila mwaka wa mbele unapewa thamani ndogo kuliko uliotangulia) amepoteza miaka 28.45. Kwenye Excel andika =PV(3%,65,-1). Miaka inayookolewa: 5.23 × 28.45 ni karibu 148.7.

Kuugua: kuhara kukali kuna uzito wa 0.247 (0 ni afya kamili, 1 ni kifo), kwa kawaida siku 7. 78.4 × 0.247 × 7 ÷ 365 = 0.37. Kwa wagonjwa wa nje, uzito 0.188 kwa siku 5: 475 × 0.188 × 5 ÷ 365 = 1.22.

Jumla: 150.3. Itazame vizuri namba hiyo. Vifo ni asilimia 99 yake. Kikao kinachobishana saa mbili kuhusu uzito wa kuhara kinabishania asilimia 1.

Toa pia hesabu bila punguzo, ambapo kifo kimoja ni miaka 65. Watu wa Wizara ya Fedha wamezoea punguzo, lakini diwani ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto wa jimbo lake amegeuka miaka 28.

Hatua ya 8: Gawanya

Matibabu yaliyoepukwa: kulazwa 78.4 × dola 40 = 3,136; wagonjwa wa nje 475 × dola 4 = karibu 1,900. Jumla dola 5,037.

Safu A: 59,497 − 5,037 = 54,460. Gawanya kwa 150.3: dola 362 kwa kila DALY inayoepushwa.

Safu B: tuseme nchi inachangia senti 20 za dola kwa dozi, kiwango ambacho Gavi, shirika la kimataifa linalofadhili chanjo, imekitumia kwa nchi za kipato cha chini kabisa, na chanjo iliyobaki pamoja na usafirishaji vinalipwa na mfadhili. 18,750 × 0.20 = 3,750. Ongeza 18,000 na 1,747, toa 5,037: dola 18,460. Gawanya: dola 123.

Mpango mmoja, watoto walewale, 123 na 362. Serikali inayopitisha chanjo kwa kuangalia 123 itaamka siku msaada ukiisha ikiwa na bili ya 362, na stoo haitasubiri kikao cha bajeti. Ndiyo maana safu zote mbili ziwe ukurasa wa kwanza wa ripoti, na pembeni yake jedwali la mwaka kwa mwaka la mchango wa nchi unavyopanda.

Hatua ya 9: Yumbisha namba

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vingine vibaki. Safu A inatoa haya:

Vifo 6 badala ya 12: dola 717
Vifo 20: dola 218
Kinga 45 badala ya 55: dola 447
Bei ya dozi dola 1: dola 230
Upotevu asilimia 10: dola 380
Uzito wa ugonjwa mara mbili: dola 359

Orodha hii ndiyo inayokuambia pa kupeleka nguvu. Ukiwa na fedha ya kutafuta takwimu moja tu, tafuta ya vifo. Ukiwa na nguvu ya kujadiliana jambo moja tu, jadili bei.

Kiwango cha chanjo hakimo kwenye orodha kwa makusudi. Kikishuka, gharama na faida hushuka pamoja, na jibu halisogei sana. Kwa hiyo dola kwa DALY zinaweza kupendeza kwenye wilaya inayoacha nusu ya watoto wake. Toa daima na idadi kamili ya vifo vinavyozuiwa na vinavyobaki.

Ukiwa na ujuzi, endesha marudio 1,000 yenye namba za bahati nasibu: mgawanyo wa beta kwa uwezekano, gama kwa gharama. Ripoti ni marudio mangapi yalikaa chini ya kikomo cha gharama kinachoelezwa Hatua ya 10.

Hatua ya 10: Je, dola 362 ni nafuu?

Kwa miaka mingi watu walitumia kanuni iliyotokana na kazi ya tume ya uchumi na afya ya WHO ya 2001: chini ya pato la taifa kwa kila mtu ni nafuu sana, chini ya mara tatu ni nafuu. WHO yenyewe baadaye ilionya isitumike peke yake kuamua, kwa sababu karibu kila kitu hupita. Kwa nchi yenye pato la dola 1,200 kwa mtu, 362 inapita bila kuguswa. Ukitumia nusu ya pato, kikomo ni 600, bado inapita. Ukitumia asilimia 30, ni 360, na umegota dola mbili juu ya kikomo.

Hiyo ndiyo sababu hatupendi neno "nafuu" likiwa peke yake. Weka 362 kwenye jedwali pamoja na vitu vingine ambavyo mfuko uleule ungenunua, vikiwa vimehesabiwa kwa safu ileile na mwaka uleule wa bei. Halafu jibu swali la pili, ambalo ni tofauti: tunaimudu? Nchi yenye watoto milioni 2 kwa mwaka ni wilaya yetu mara 200, yaani takriban dola milioni 11.9 kila mwaka.

Kubadili aina ya chanjo

Muuzaji akija na rota ya dola 1.10 kwa dozi, kila mtu hufurahi. Uliza dozi ngapi na kichupa cha ukubwa gani. Ya kwetu: dozi 2 × 2.00 ÷ 0.96 = dola 4.17 kwa mtoto, ongeza kufikisha dola 2, jumla 6.17. Ile nyingine ni dozi 3, kichupa cha dozi 5, upotevu tuseme asilimia 15: 3 × 1.10 ÷ 0.85 = 3.88. Dozi ya tatu inatolewa wiki ya 14 pamoja na pentavalenti ya tatu, kwa hiyo kuifikisha ni nafuu kidogo, weka 2.60 kwa zote tatu. Jumla 6.48. Ya "nusu bei" imezidi, na bado hujahesabu wanaokatisha kabla ya dozi ya tatu wala mafunzo mapya. Lakini ikiwa ujazo wake mdogo unakuepusha kununua majokofu, jibu linaweza kugeuka. Hesabu kwa mtoto aliyekamilisha, siyo kwa dozi.

Vijiji vya mwisho wa barabara

Kuna hoja inayorudi kila bajeti ikibana: kufuata watoto wa visiwani au wa maboma ya wafugaji ni ghali mno. Ihesabu kabla ya kukubali. Chukua watoto 500 ambao mkoba wa kawaida hauwafikii. Kwa boti au gari, pamoja na chanjo, tuseme dola 12 kwa mtoto kukamilisha: dola 6,000. Huko vifo ni mara mbili, 24 kwa 10,000, hivyo kwa 500 ni 1.2. Kinga ya asilimia 55 inazuia 0.66, sawa na DALY 18.8. Gawanya: dola 319. Hata bila kutoa akiba ya matibabu, maana watoto hawa hawafiki hospitali hata wakiugua, mwaka mmoja wa uhai huko umegharimu pungufu ya wastani wa wilaya. Tumia gharama ya nyongeza ya kundi hilo na vifo vya kundi hilo. Ukichukua gharama yao ya juu na kuigawa kwa vifo vya wastani, umewaondoa kwenye bajeti kwa kosa la kalamu.

Ripoti

Fuata orodha ya CHEERS ya 2022 yenye vipengele 28, mwongozo wa kuandika ripoti za tathmini za uchumi wa afya. Weka faili la Excel lenye kurasa tatu: namba za kuingiza na zilikotoka, hesabu, majibu. Namba yoyote isiandikwe ndani ya fomula. Iwe na seli yake, rangi yake, na tarehe iliyochukuliwa. Mpe mtu ambaye hakushiriki alifungue, abadilishe bei ya dozi kutoka 2 kwenda 1, na aone kama 362 inageuka 230 bila kumpigia simu aliyelitengeneza. Isipogeuka, kuna namba imefichwa kwenye fomula. Itafute kabla ya kupeleka ripoti mezani.